Usiamini rangi ya injini: nilivyopigwa na RB26 ya "N1", na namna unavyoweza kupima mwenyewe

Juzi usiku kijana mmoja anayesomaga makala zangu kanitumia picha sita za injini ya Nissan na maneno machache: "Kaka, nimepata RB28 ya Z-Tune, mwenye nayo anataka advansi kesho asubuhi maana kuna mwingine kaiulizia. Nichukue?"

Nikafungua picha ya kwanza tumbo likakaza. Tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, imepakwa rangi mpya inang'aa, kibati cha Nismo, tawi la mbio la Nissan, kimepigwa riveti, mabomba yote yamesuguliwa mpaka unajiona. Picha sita, na hakuna hata moja inayoonyesha ubavu wa bloku, ule mwili wa injini wenye silinda. Hata moja! Nikamjibu hapo hapo, mdogo wangu usitoe hata senti, kwanza nikusimulie yaliyonikuta mimi. Na kwa sababu najua hayuko peke yake nimeamua nayaandika hapa, ingawa ni kitu ambacho kwa miaka sijapenda kukisema mbele ya watu.

Wote tunaokutana hapa tunajua RB26DETT ni nini na kwa nini mtu mzima anaweza kuacha kununua vitu vya maana ili aipate, kwahiyo hapo sikai sana. Silinda sita kwenye mstari, tabo mbili, 2568 cc, Nissan waliifunga kwenye gari lao la Skyline GT-R kuanzia toleo la R32 la 1989 mpaka R34 ilipoisha 2002, na kwenye makaratasi zote waliandika nguvu farasi 280 kwa sababu makampuni ya Japani yalikuwa yamekubaliana yasivuke hapo. Sasa ndani ya hizo RB26 kuna ambazo si za kawaida. Kuna ya N1, iliyotengenezwa kwa ajili ya mbio, bloku yake ina kuta nene zaidi za silinda na tabo zake zina feni za chuma badala ya zile za kauri zinazopasuka ukiongeza busti, yaani msukumo wa hewa wa tabo. Halafu kuna RB28 ya Z-Tune ambayo Nismo waliijenga kwa magari machache sana, hayafiki hata 25, 2771 cc, nguvu farasi 500. Adimu kiasi hicho. Na kitu kikiwa adimu kiasi hicho lazima atokee mtu wa kukitengeneza na grenda na kopo la rangi.

Mi niliweka akiba miaka minne. Miaka minne ya kusema hapana kwa kila kitu, hapana safari, hapana simu mpya, hapana kuchangia vitu ambavyo ndugu walitegemea nichangie, na hiyo bado inaniuma kuliko hela yenyewe. Siku dalali aliponipigia akasema ana injini ya N1 iliyotoka kwenye R34 ya Nür, ile ya mwisho mwisho ya 2002 iliyotoka magari 1,000 hivi, halafu imepita kwenye gereji kubwa ya kutuni, ya kuongeza nguvu za injini, huko Japani ikawekewa seti ya kuikuza iwe lita 2.8, niliona kama Mungu kanijibu. Nilienda kuiona. Tapeti kava ya dhahabu, na kweli Nür zilikuja na kava za dhahabu wakati R34 za kawaida zina nyekundu. Ubavuni mwa bloku imeandikwa 24U, na kweli bloku ya N1 ina alama ya 24U wakati ya kawaida ni 05U. Kuna karatasi ya daino, mashine ya kupima nguvu, yenye mchoro wa nguvu unapanda kama mlima. Nikapima kompresheni silinda zote sita, ziko sawa sawa, hakuna inayolegea. Nikatoa hela.

Ya kusafirisha na kuifunga siyasemi, ni kazi kama kazi nyingine.

Kwa kuamini nina kuta nene nikapandisha busti, si kidogo, nikaweka ile ambayo mtu mwenye N1 anaweka bila kuwaza. Miezi mitatu nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote. Mwezi wa nne gari ikaanza kupandisha joto, nikafungua kifuniko cha oili nikakuta oili imegeuka rangi ya maziwa. Maji yameingia. Ukuta wa silinda ulikuwa umechanika, ufa mwembamba kama unywele.

Injini ikashushwa, mzee wangu aliyenifundisha ufundi akaipandisha kwenye stendi akaanza kuisugua kwa brashi na mafuta ya taa. Nilikuwa nimekaa pembeni sina hata hamu ya kuongea. Akaniita, "Njoo uone hapa." Ile 24U, herufi zilizoinuka, namba 4 ilikuwa imepoteza mguu mmoja. Mzee akaingiza ukucha wa kidole gumba chini ya namba 2 akainyanyua, ikatoka nzima mkononi mwake. Ilikuwa gundi ya chuma, imepakwa, imechongwa, imepuliziwa rangi ya bloku. Chini yake kuna alama za grenda zinazozunguka zunguka, na ukimulika tochi kwa ubavu unaona mkunjo wa sifuri ambao jamaa hakuumaliza vizuri. Sifuri ya 05U.

Tukaendelea kufungua. Kwenye oili pampu, ile sehemu ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inayoizungusha pampu ilikuwa fupi, ule mtindo wa R32 za mwanzo ambao Nissan wenyewe walikuja kuurefusha baadaye kwa sababu ulikuwa unavunja pampu. Krenki ya mwanzo wa miaka ya 90 ndani ya injini niliyoambiwa ni ya 2002! Na 2.8 haikuwepo, pistoni inatembea milimita 73.7 kama RB26 yoyote ile. Nilichonunua kwa miaka minne ya maisha yangu ni RB26 ya kawaida kabisa iliyovalishwa nguo.

Nilirudia mamia ya mara kichwani nilikosea wapi, na jibu ni moja, kila nilichokagua ni kitu ambacho mtu anaweza kukibandika. Rangi inapakwa. Kibati kinapigwa riveti. Tapeti kava inafungwa kwa bolti, unaitoa kwenye injini moja unaiweka kwenye nyingine saa moja umemaliza. Wenzetu wa Honda wanajua hii vizuri, kava nyekundu ya Civic Type R utaikuta juu ya injini yoyote ya familia ya B, na ndiyo maana mwenye akili haangalii kava, anaangalia kama bloku imepigwa B16B. Hata AMG, wanaoweka kibati chenye saini ya fundi aliyeijenga injini, kile ni kibati tu, kinaweza kung'olewa kikahamia kwingine. Na karatasi yangu ya daino haikuwa hata na namba ya injini, inathibitisha kwamba siku fulani injini fulani ilitoa nguvu fulani, basi. Hata kompresheni niliyojivunia kuipima, kompresheni inakwambia injini ni nzima, haikwambii ni nani.

Kwahiyo pima kitu ambacho hakipakwi rangi. Hili nitalirudia mpaka mchoke.

Na cha kwanza ni mwendo wa pistoni. RB26 ni 86 kwa 73.7, yaani kipenyo cha silinda kwa mwendo, kwa milimita. RB28 ya Z-Tune ni 87 kwa 77.7, piga hesabu mwenyewe utaona inatoka 2771 kamili. Tofauti ya mwendo ni milimita 4, na milimita 4 unaziona kwa macho, huhitaji maabara. Toa kifuniko cha koili pale katikati ya kava mbili, toa koili, toa plagi zote sita ili injini izunguke laini. Chukua kijiti kirefu kilichonyooka cha plastiki, kisiwe cha kioo wala cha kuvunjika, ingiza kwenye tundu la plagi namba moja mpaka kiguse kichwa cha pistoni. Mtu mwingine ashike spana kwenye bolti ya krenki azungushe taratibu, tena taratibu kweli, kijiti kisikwame. Pistoni ikifika juu kabisa weka mstari kwa kalamu usawa wa ukingo wa tundu. Ikifika chini kabisa weka mwingine. Kijiti ukishike wima muda wote. Toa, pima kati ya mistari miwili. Ukipata 73 na kitu aliyekwambia ni 2.8 anakudanganya, hakuna mjadala, hakuna "labda", hakuna cheti kitakachobadilisha hiyo namba.

Ukipata 77.7 usishangilie bado, maana krenki za mwendo huo zinauzwa na makampuni ya kutuni kama HKS, kwahiyo inaweza kuwa ni 2.8 ya kweli lakini si ya Nismo. Hapo ndo unarudi kwenye bloku. Alama za kiwandani zimetoka kwenye kalibu pamoja na chuma, zina ngozi ile ile ya chuma kinachozizunguka, chembechembe zile zile. Pita na ukucha, pita na tina ya kuondoa rangi kidogo, mulika tochi kwa ubavu usimulike kwa mbele. Bloku ya kawaida 05U, N1 24U, ya mbio kubwa kabisa ina RRR. Kwenye namba ya injini angalia uso wa chuma chini ya namba, kiwandani unaachwa na alama safi za mashine, ukiona mizunguko ya grenda ondoka. Usihangaike kupima kipenyo ili kujua kama ni N1, nayo ni 86 vile vile, tofauti iko kwenye unene wa ukuta, na kuna kifaa cha kupima unene kwa mawimbi ya sauti, gereji nyingi za kujenga injini za mbio wanacho. Pampu ya maji ya N1 ina mabawa machache kuliko ya kawaida lakini hiyo ni pampu, inanunuliwa peke yake, usiifanye ushahidi.

Na kama mtu anakwambia injini imejengwa na gereji fulani maarufu, waandikie wenyewe, wape namba ya injini na picha ya bloku. Gereji zinazojiheshimu zinatunza kumbukumbu za injini walizozijenga. Ni barua pepe moja. Mi sikuiandika kwa sababu niliogopa jibu, huo ndo ukweli. Nilishaipenda ile injini kabla sijaifungua, na ukishakipenda kitu huwezi kukikagua, unakitafutia sababu. Ndugu zangu, muuzaji anayekataa usitoe plagi ameshakujibu. Anayekwambia kuna mwingine kaiulizia, mwache huyo mwingine aichukue. Hela yako imekaa miaka, itashindwaje kukaa wiki moja zaidi? Jifunzeni kusubiri, jifunzeni kuulizwa "huniamini?" na kujibu kwa upole kabisa "naamini nikipima." Watu wanaona aibu kumkagua mwenzao kana kwamba ni matusi. Si matusi. Ningemkagua yule dalali bila aibu leo nisingekuwa na bloku iliyopasuka kwenye kona ya gereji, ambayo sijaweza kuitupa.

Baada ya miaka nilipata nyingine. Hiyo nilikaa nayo siku mbili kabla ya kutoa hela, nikaipitia kwa ukucha, kwa tochi, kwa kijiti, mzee wangu akaja na kifaa cha unene tukapima silinda zote sita pande nne nne tukaandika kwenye daftari. 24U ya kweli, imetoka kwenye kalibu na bloku yake. Mpaka leo inatembea kwenye gari yangu na kila nikiiwasha najisikia fahari, siifichi.

Yule kijana nilimwambia yote haya kwenye simu usiku ule, nikamwambia kesho nenda, lakini nenda na kijiti, rula na kalamu, hela iache mbali. Asubuhi akanipigia anasema mwenye injini hataki plagi zitolewe, anasema itaingia uchafu. Nikamwambia mwambie utaziba matundu kwa kitambaa safi, moja moja, mbele yake. Kimya saa mbili nzima. Mi nimekaa gereji siwezi kufanya kazi.

Saa tano ikaingia picha. Kijiti cheupe juu ya rula, mistari miwili ya kalamu nyeusi, mstari wa kwanza kwenye sifuri na wa pili kati ya 73 na 74. Chini yake kaandika: "Nipo njiani narudi kaka. Hela yote ninayo."