Uniti 28 kwa elfu kumi: jibu kwa aliyeuliza

Pole dada. Umeuliza kwa nini elfu kumi yako inatoa uniti 28 wakati jirani kwa hela chini ya hiyo anapata 75. LUKU yako (mita ya umeme wa kulipia kabla) haijaharibika. TANESCO, shirika la umeme, lina makundi ya bei: jirani yuko D1, wewe uko T1.

D1 ndiyo nafuu ya serikali kwa nyumba zenye matumizi madogo: uniti ni sh. 100 hadi uniti 75 kwa mwezi, ukivuka hapo kila uniti inayozidi ni sh. 350. T1, kundi la matumizi ya kawaida, ni sh. 292 tangu uniti ya kwanza. Kote kuna VAT 18%, tozo ya umeme vijijini (REA) 3% na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) 1% juu yake, ndiyo maana yako inafika kama 356.

Nenda ofisi ya TANESCO na namba ya mita, uombe wakuangalizie manunuzi yako ya miezi iliyopita. Wastani ukiwa haujazidi 75, omba urudishwe D1. Ila kama mita moja mnachangia wapangaji wanne na friji mbili, hapo sahau.

Halafu ile 1,500 inayokatwa kila mwezi unaponunua umeme ni kodi ya jengo, haihusiani na umeme.