Jibu la msomaji: Maji yake utayamwaga wapi?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: sahani ya kale ya Kiingereza iliyoingia madoa, inasafishwaje nyumbani? Nawaona tayari watu wakikimbilia jiki, ndimu na magadi. Mimi nasema iacheni. Kabla ya kuuliza doa linatokaje, mtu aulize kwanza doa lenyewe ni la nini.

Tena aigeuze aone mgongo wake. Huku Unguja kila sahani ya zidakani, vile vishubaka vya ukutani, huitwa ya Kiingereza, kumbe nyingine zimetoka kwa Petrus Regout wa Maastricht, Uholanzi. Na iliyopigwa mhuri wa neno "England" kwa kawaida ni ya baada ya 1891, sheria ya forodha ya Marekani ilipotaka bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka. Kwa hiyo anayeapa kwamba ya kwao ililiwa pilau enzi za Seyyid Said, sultani wa Unguja aliyefariki 1856, apunguze kidogo.

Ya kwetu ilikuwa ya Alfred Meakin wa Tunstall, Staffordshire. Nyeupe, nzito, haina ua wala dhahabu. Weupe huo ndio uliompendeza mwalimu aliyekuwa akituandikia kombe: aya kwa zafarani na marashi, sahani ikasuuzwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Kila homa, kila jicho baya, kila mwanamke wa nyumbani aliyekaribia kujifungua, sahani ni ile ile. Gamba lake la juu, ule utando unaong'aa kama kioo, lilikuwa limeshafanya vijiufa vyembamba, na zafarani ikaingia humo ikakaa. Kwenye ukingo palikuwa na doa jingine, la kahawia.

Ikaja arusi ya dada yangu. Mkaza mjomba, mwanamke ambaye hata kuni angeziosha, akaishusha sahani zidakani, akateka maji beseni tele na kufungua chupa ya jiki. Bibi alikuwa mkekani anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Mwanangu, maji yake utayamwaga wapi?"

"Chooni, mama. Kwani wapi?"

Ungo ukawekwa chini. Bibi akasema maji ya kombe hayamwagwi chooni. Mkaza mjomba akajibu, kwa adabu lakini akajibu, kwamba hilo si kombe, ni sahani chafu tu, na wakwe wanakuja saa kumi. "Chafu?" bibi akasema. "Ulipokuwa na mimba ya yule wa kwanza ulinywea nini?" Mashangazi wakaacha vitunguu. Mmoja akasema zafarani ilishakauka, haihesabiki. Mwingine akasema aya ni aya hata ikikauka. Akaitwa mjomba aamue baina ya mama yake na mkewe. Akasimama mlangoni, akaitazama sahani, akaomba chai. Mchele ulichelewa, na wakwe waliandaliwa kwenye masinia ya kuazima. Sahani ikarudi zidakani na madoa yake.

Nilitaka niishie hapo niseme: mnaona, doa lina heshima yake. Lakini huyo huyo bibi alizisugua sahani zake nyingine kwa makumbi na jivu mpaka mistari ya dhahabu ikaisha. Hakuwa mlinzi wa madoa. Aliuliza maji yanakwenda wapi, kuosha hakukukataza. Na lile la kahawia ukingoni halikuwa kombe hata kidogo, ilikuwa samli.

Basi nalegeza. Jiki bado nakataa, na si kwa hoja ya bibi peke yake: chumvi zake hubaki ndani ya udongo, na sahani ikikauka hugeuka fuwele zikasukuma gamba mpaka likabanduka. Ndimu na siki nazo hula rangi zilizopakwa juu ya gamba. Doa la chai lililo juu juu, soda ya kuokea iliyolowekwa kidogo na kitambaa laini vinatosha. Lililozama linataka haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya vidonda inayotoa povu, ya asilimia 3 au 6. Loweka sahani kwanza katika maji matupu usiku kucha, udongo ushibe, doa lisisukumwe ndani zaidi. Maji hayo, kama sahani ni ya kombe, mwagieni mwasumini. Kisha vaeni glavu, bandikeni pamba iliyolowa dawa, funikeni na nailoni saa kadhaa, rudieni. Suuzeni kwa maji ya kubadilisha, mkaiache ikauke siku nyingi. Zafarani haitasumbua, rangi yake hufifia hata kwa mwanga tu, na ya kwetu ilidumu kwa sababu zidaka lilikuwa gizani. Samli ndiyo kazi.

Kwa hiyo safisheni, nimebadili kauli. Isipokuwa iliyoshonwa kwa pini au kuungwa kwa gundi, hiyo isilowekwe. Na yenye dhahabu, dawa isiifikie. Ya kwetu hatimaye iliangukia mikononi mwa mkaza mjomba, na hajaigusa kwa jiki wala kwa maji. Hata ikitakata msipakulie achari ya ndimu: magamba mengi ya zamani ya Staffordshire yana risasi, yale madini yenye sumu, na ukali wa achari huitoa.