Kabla Hujampelekea Mhunzi Mchoro wa Upanga

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na alama kumi na moja. Baba mkwe alikuwa anakaribia kutimiza miaka 70, mimi na mke wangu tukaamua kumfulishia upanga wa mtindo wa Wavikingi, wale mabaharia na wavamizi wa kale wa Skandinavia, na mhunzi akatuambia tulete wenyewe tunachotaka kichorwe kwenye bapa. Nikakesha mtandaoni siku tatu. Nikarudi na dira ya Iceland, pembetatu tatu za mungu wao Odin zilizoshikana, nyundo ya mungu mwingine, Thor, kunguru wawili, mbwamwitu, na mstari mrefu wa runi, zile herufi za mistari mikavu ambazo watu wa Skandinavia walizichonga kwenye mawe, miti na mifupa. Mke wangu amekulia Gotland, kisiwa cha Uswidi. Aliutazama mchoro bila neno, kisha akaweka kidole juu ya herufi moja karibu na kipini.

"Hii utamwelezaje baba?"

Herufi yenyewe ina kichwa cha almasi na miguu miwili iliyopanuka. Inaitwa odal, na kila ukurasa nilioufungua ulisema maana yake ni urithi, ardhi ya ukoo. Ukimtafutia mkwe zawadi utataka nini zaidi? Kurasa hizo hazikutaja kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili herufi hiyo ilivaliwa kwenye kola na askari wa divisheni moja ya Waffen-SS, jeshi la chama cha Wanazi, wala kwamba makundi ya ubaguzi wa rangi yanaitumia mpaka leo. Sasa fikiria: mtu mweusi wa Tanga, mkazi wa Gothenburg, anamkabidhi mzee wa Kiswidi upanga wenye odal mbele ya wageni. Wangecheka kwanza. Halafu ukumbi ungenyamaza.

Kwa hiyo, kabla ya uzuri, uliza alama imepita mikononi mwa nani. Runi ya T yenye umbo la mshale, inayobeba jina la mungu Tyr, ikiwa ndani ya jina la mtu ni T tu. Ikisimama peke yake, hapa Uswidi watu wanaijua kutoka kwenye bendera za Wanazi mamboleo. Runi ya S ikiwekwa mbili mbili ni nembo ya SS, na Ujerumani kuionyesha hadharani ni kosa la jinai. Lile "jua jeusi" lenye miali kumi na miwili, ambalo wauza panga wengi hulipachika popote penye nafasi, halina Uvikingi wowote. Umbo lake limetoka kwenye sakafu ya ngome ya Wewelsburg, Ujerumani, iliyokuwa mikononi mwa SS. Hilo halina mjadala, litoe.

Baada ya hapo nikaanza kuuliza umri wa kila alama, na orodha yangu ikapukutika kama mwembe wakati wa upepo. Dira ndiyo iliyoniuma. Inaitwa vegvísir, na ni nzuri kweli, mikono minane yenye vidole tofauti tofauti. Lakini maandiko tunayoyategemea ni muswada uitwao Huld, uliokusanywa na Geir Vigfússon huko Iceland mwaka 1860. Enzi ya Wavikingi kwa kawaida huhesabiwa kuanzia 793, waliposhambulia monasteri ya Lindisfarne, Uingereza, hadi 1066. Kufikia 1860 treni zilikuwa zinakimbia Ulaya! Muswada unasema anayeichukua alama hiyo hatapotea njia katika dhoruba, hata kama njia haijui. Sisi watu wa pwani tuna neno la kitu kama hicho: talasimu. Ni ya kuandikwa na kubebwa, kama hirizi. Simkatazi mtu kuiweka kwenye upanga wake, mradi asiwaambie wageni kwamba Wavikingi waliifuata baharini. Na ile "kofia ya kutisha", ægishjálmur, jina lake ni la zamani, ila ule mchoro wa mikono yenye ncha tatu tatu inayotoka katikati tunaupata kwenye vitabu vya uganga vya Iceland vya karne za baadaye sana.

Pembetatu za Odin ni za kale kweli. Tulipanda meli Nynäshamn kwenda Visby, tukaendesha gari hadi Bunge, kaskazini mwa Gotland, ambako yamesimamishwa mawe ya picha ya Stora Hammars. Pale jiweni nikaziona kwa macho yangu, pembetatu tatu zilizofumana. Chini yake mtu amelazwa kifudifudi juu ya kitu kama madhabahu. Pembeni mwingine ananing'inia mtini. Jina valknut tunalozipa ni la siku hizi, la zamani halikutufikia, na hakuna maandishi ya wakati ule yanayosema zina maana gani. Tunachokiona ni mahali zinapokaa, nako ni kwa wafu na wanaotolewa kafara. Nikamwangalia mke wangu. Zawadi ya miaka 70! Tukazifuta palepale, kwa kalamu.

Nyundo ya Thor haikutupa shida. Ilivaliwa shingoni enzi zile, na Denmark, mahali paitwapo Købelev, iliwahi kuokotwa moja ya karne ya 10 yenye runi zinazosema tu kwamba hii ni nyundo. Nampenda sana fundi huyo. Hata hivyo niliiacha, kwa sababu mzee hakuwahi kuipenda, na zawadi ni yake.

Kuhusu maandishi, nina kisu nyumbani. Miaka miwili kabla ya upanga huu nilikipeleka duka moja kichorwe jina langu kwa runi kwa leza. Rafiki anayezisoma alikichukua, akakigeuza, akakigeuza tena, akaniuliza kwa upole kama nilikusudia ziwe juu chini. Kisu hicho ndicho tunachokatia vitunguu.

Waiceland wana kisa cha kosa hili hili katika masimulizi ya Egil, malenga na mpiganaji wa Enzi ya Wavikingi, yaliyoandikwa karne ya 13. Egil alifika kwa mkulima mmoja akamkuta binti yake, Helga, mgonjwa kitandani. Kijana aliyemtaka alikuwa amechonga runi kwenye mfupa wa nyangumi ili binti ampende, lakini hakujua kuchonga, na badala ya kupendwa akamzidishia ugonjwa. Egil akazikwangua herufi zote kumi, akauchoma mfupa, akatamka shairi kwamba asiyejua kuzisoma runi asizichonge. Akachonga zake, binti akapona.

Kosa la kawaida ni kuchanganya alfabeti mbili. Ile kongwe ina herufi 24 na ilikwisha kuachwa wakati Wavikingi wenyewe wanatamba. Wao waliandika kwa herufi 16. Tovuti nyingi hukupa zile 24 kisha zinabadilisha herufi moja baada ya nyingine kana kwamba ni kompyuta inabadili fonti. Ukitaka Uvikingi, tumia 16, na ukubali kwamba hazitoshi: sauti ya G inaandikwa kwa K, ya D kwa T, ya P kwa B, na herufi inayojirudia huandikwa mara moja. Jina Gunnar, kwa mfano, mawe yanaliandika kunar. Na katika hizi 16 ile odal haimo kabisa, jambo lililonipunguzia wasiwasi. Ukihofia kwamba hakuna atakayezitambua, tazama alama ya Bluetooth kwenye simu yako. Ni runi mbili kati ya hizo 16 zilizounganishwa, H na B, kwa heshima ya Harald Bluetooth, mfalme wa kale wa Denmark.

Jambo jingine nililolijua kwa kuchelewa: bapa la upanga wa wakati ule halikujaa mapicha. Fedha na shaba zilitiwa zaidi kwenye kipini. Kwenye bapa ungekuta maandishi, na mashuhuri kuliko yote ni +VLFBERHT+, jina la Kifaranki kwa herufi za Kilatini, lililo kwenye panga zipatazo 170 za karne ya 9 hadi ya 11. Halikuchorwa, lilipachikwa: vijiti vya chuma viligongwa ndani ya bapa likiwa la moto. Zipo zilizokosewa tahajia, kwa hiyo kisu changu kina wenzake.

Mhunzi wetu alinipa jaribio moja ambalo ningempa kila mtu. Chapa mchoro kwa ukubwa wake halisi, ubandike kwenye ubao wa upana wa bapa, usimame hatua tatu nyuma. Mfereji wa katikati ya bapa letu ulikuwa na upana wa sentimita mbili tu. Kunguru wangu walionekana kama nzi. Yeye huchora kwa tindikali baada ya chuma kukwisha kugeuzwa kigumu, anafunika kila mahali isipokuwa mistari, na huiacha tindikali ile chuma kidogo mno, maana mfuo wenye kona kali ndani ya chuma chembamba ndiko ufa unakoanzia. Mistari miwili ikikaribiana, tindikali huiunganisha. Ukiona mchoro wako una kitu chembamba kuliko unywele, kinenepeshe au kiache.

Tulibaki na vitu viwili. Jina la mzee kwa runi 16, na karibu na kipini merikebu moja iliyonakiliwa kutoka kwenye mawe ya Gotland, yale yenye tanga la miraba. Miraba ilibidi ipunguzwe hadi tisa.

Siku yenyewe alivaa miwani, akafuata jina lake kwa ukucha, herufi kwa herufi, akalisoma bila kusaidiwa. Kisha akagusa ile miraba na kuuliza kwa nini tumechagua hii. Mke wangu akamjibu kwamba kitambaa hicho cha merikebu, kwa lugha ya mkwe wake, kinaitwa tanga, kama mji wake. Mzee akalirudia neno mara mbili, akiupima mdomoni ule ng'ong'o wa katikati, akaurudisha upanga alani.