Maswali ya Wasomaji: Kijana Mzito wa Kusoma na Malipo ya Ulemavu

SWALI: Ndugu Mshauri, mwanangu ana miaka 20 na amemaliza kidato cha sita. Tangu darasa la pili walimu wamekuwa wakimwita mzito. Anachanganya herufi, na ukurasa mmoja unamchukua muda ambao wenzake wanamaliza kurasa tatu, lakini nikimwachia genge langu pale Soko la Majengo anapiga hesabu za wateja watano kichwani na chenji haikosei. Hospitalini tuliambiwa ana ugumu wa kujifunza, tukapewa karatasi. Mjomba wake anayeishi Leicester, Uingereza, anasema kule vijana wa namna hii hulipwa na serikali hata wakiwa wanafunzi. Je, na hapa kwetu malipo hayo yapo, na nianzie ofisi ipi? Baba yake ni fundi ujenzi, na kazi zake ni za kubahatisha.
Mama J., Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Mama J., nianze na lile usilopenda kulisikia, ili usipoteze nauli ya kuzunguka maofisi. Tanzania Bara haina posho ya kila mwezi ambayo mtu mmoja mmoja hulipwa kwa sababu tu ana ulemavu. Mjomba hakukudanganya. Kule yapo malipo yaitwayo Personal Independence Payment, ambayo huombwa kuanzia umri wa miaka 16, na hayaangalii kipato wala kama mwombaji anasoma au anafanya kazi. Hata hivyo ni haki ya wakazi wa kule, na hata wao hawalipwi kwa kutaja jina la hali waliyo nayo. Hupimwa jinsi hali hiyo inavyowazuia katika mambo ya kila siku. Naomba ulishike hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo litakalokusaidia hapa Dodoma kuliko jambo jingine lolote nitakalokuandikia.

Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haimtambui mtu mwenye ulemavu kwa fimbo au kiti cha magurudumu peke yake. Inataja upungufu wa mwili, wa akili na wa milango ya fahamu, kisha inautazama pamoja na vikwazo anavyokutana navyo mtu huyo katika jamii, katika mazingira na katika taasisi. Kwa hiyo mwanao hafukuzwi mlangoni eti kwa sababu anatembea vizuri na anaongea vizuri. Kinachomfukuza, mara nyingi, ni karatasi.

Nilifanya kazi ya ustawi wa jamii kwa miaka mingi kabla ya kushika safu hii, na nakumbuka mama mmoja aliyeniletea faili la plastiki la bluu, amelifunga kwa mpira wa kufungia noti. Ndani mlikuwa na vyeti vyote vya mtoto, na juu yake karatasi ya kituo cha afya yenye maneno mawili ya kalamu, “mzito kuelewa”, na muhuri uliokwenda upande. Muhuri ulikuwa halali. Karatasi yenyewe haikusema kitu. Haikueleza kijana anashindwa kufanya nini, kwa kiasi gani, tangu lini, na anahitaji asaidiwe vipi, na ofisa anayesoma maelfu ya maombi hawezi kuyabuni hayo kwa niaba ya mwombaji. Naogopa karatasi yenu nayo ni ya namna hiyo. Ichukue leo uisome upya.

Mlango mkubwa kwa mwanafunzi aliyepata udahili wa shahada ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo huwapa kipaumbele waombaji wenye ulemavu, na vilevile wale ambao wazazi wao wana ulemavu. Bodi ina fomu yake ya kuthibitisha ulemavu, na fomu hiyo huthibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Karatasi ya zahanati haiwezi kusimama mahali pake. Usiende kwa mganga mikono mitupu. Kwanza nenda kwa Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri, ambaye ndiye anayejua tofauti kati ya ulemavu wa akili na ugumu wa kujifunza, yaani mtu mwenye akili timamu na uelewa mzuri ambaye njia ya kusoma au kuandika ndiyo iliyoziba. Umebeba ushahidi huo wewe mwenyewe bila kujua: kijana asiyekosea chenji lakini anahangaika na tangazo la ukutani si kijana mzito wa akili, na jambo hilo liandikwe hivyo hivyo.

Beba madaftari yake ya zamani, hasa ya kidato cha kwanza na cha pili. Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo watoto wa namna hii mara nyingi hufika darasa la saba wakisoma polepole bila makosa ya kutisha, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani huona uvivu tu. Kidato cha kwanza kinawakuta na Kiingereza, ambacho herufi zake na sauti zake hazisikilizani, na hapo ndipo kila kitu huonekana wazi. Daftari moja la historia lenye “b” na “d” zilizobadilishana nafasi ukurasa mzima litamweleza mtaalamu mengi kuliko maelezo yako ya nusu saa. Ongeza ripoti za shule na, ikiwezekana, barua ya mwalimu aliyemfundisha kwa muda mrefu.

Endapo mtaelekezwa kwa wataalamu wa saikolojia katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, msikatae. Najua jina la Mirembe linavyotamkwa hapa mjini, na najua wazazi ambao wangeona bora mtoto akose chuo kuliko aonekane akishuka kwenye daladala mbele ya geti lile. Mtaalamu akikuandikia maelezo kamili, watu watakuwa wameshasahau mlishukia wapi kabla ya mwaka wa kwanza wa masomo kuisha.

Maombi ya mkopo hufanywa kwa mtandao, ada yake ni Sh 30,000, na dirisha kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kabla ya hapo, nao uhakiki huo ndio huwakwamisha wengi siku za mwisho kuliko hata fomu ya mganga. Nakuomba pia usimwachie kijana wa steshenari ajaze kila kitu peke yake. Kaa pembeni, msome pamoja sehemu inayouliza kuhusu ulemavu, kwa kuwa nimeona fomu ambayo ulemavu umethibitishwa na mganga lakini kwenye mtandao imejazwa “hapana” kwa haraka ya kumhudumia mteja anayefuata.

Kuna mambo mawili yaliyobaki. La kwanza, mkopo ni mkopo: mwanao akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake, na ulemavu hauufuti. Kwa maoni yangu, nchi ingefikiria ruzuku kwa gharama zile zinazotokana na ulemavu wenyewe, kama vile vifaa vya kusomea kwa sauti, lakini hayo ni maoni yangu tu. La pili, ana miaka 20. Sheria ya Mtoto inaishia miaka 18, kwa hiyo maombi ni yake, akaunti ya benki ni yake, na fedha zikija atasaini yeye chuoni. Msindikize, lakini mwache aongee mwenyewe, hata kama itachukua muda.

SWALI: Mshauri, shikamoo. Niko mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dodoma. Nina sapu nne, yaani mitihani ya kurudia, na naogopa kudisco, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Nilipimwa nikaambiwa nina disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, lakini sikuwahi kutaja hilo popote. Nilipomweleza mhadhiri mmoja alicheka, akaniuliza ni ulemavu gani huo usioonekana. Je, nikijiandikisha sasa nitaitwa mlemavu maisha yangu yote na kukosa kazi?
Msomaji wa kiume, miaka 23

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mhadhiri huyo hajasoma sheria niliyoitaja hapo juu, na wewe huna haja ya kumfundisha ukumbini. Andika barua fupi kwa mshauri wa wanafunzi, nakala kwa mkuu wa idara, uambatanishe maelezo ya mtaalamu aliyekupima, na uifikishe wiki kadhaa kabla ya ratiba ya mitihani kutoka. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Katika barua hiyo usiombe “msaada” au “huruma”. Omba vitu vinavyotajika: muda wa ziada katika mitihani, chumba chenye utulivu, ruhusa ya kurekodi mihadhara, na maswali yaliyochapwa kwa herufi kubwa zenye nafasi. Ombi la muda si jambo geni katika nchi hii. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Taja utaratibu huo katika barua yako. Si kwamba unakibana chuo, bali unampa mkuu wa idara kitu cha kushika anapokwenda kwenye kikao. Sapu ulizo nazo hazitafutwa kwa barua hii, na nisingependa uamini hivyo, lakini kikao kinachojadili matokeo yako kikiwa na barua iliyopokelewa mapema hukutazama tofauti na kikao kinachosikia habari ya disleksia kwa mara ya kwanza siku ya rufaa. Kumbuka pia kwamba ukidisco, mkopo nao unakoma, huku deni la miaka uliyosoma likibaki.

Kuhusu kazi, woga wako naufahamu, na sitakuambia kwamba waajiri wote ni waungwana. Sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Utekelezaji wake ni mdogo kuliko maandishi yake, lakini anayenufaika nao ni yule mwenye uthibitisho mkononi. Barua uliyompa mshauri wa wanafunzi haiandikwi kwenye cheti chako cha kuhitimu. Nani amwambie mwajiri, na lini, utaamua wewe.

SWALI: Sisi ni kaya ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, hapa wilayani Kondoa. Kijana wetu wa miaka 19 hakufaulu kidato cha nne, na kusoma kwake ni kwa shida sana. Jirani anasema tuchukue mkopo wa asilimia mbili wa halmashauri tumlipie chuo. Mwingine anasema TASAF wanapaswa kumlipa yeye peke yake. Nani ni mkweli?
Baba na Mama wa kijana, Kondoa

JIBU: Ndugu zangu, wote wawili wameshika mkia wa habari. Fedha za TASAF hutolewa kwa kaya, na kaya huingia kwa sababu ya umaskini wake baada ya kutambuliwa na kijiji, si kwa sababu ya ulemavu wa mtu mmoja. Mnachopaswa kufanya ni kuhakikisha kwamba ulemavu wa kijana umeandikwa katika taarifa za kaya yenu. Mwulizeni mtendaji wa kijiji siku ya malipo, mkiwa na karatasi ya hospitali.

Ile asilimia mbili ni sehemu ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejea 2024. Haina riba, lakini ni mkopo wa mradi wa kuzalisha mali na hurejeshwa. Ukiutumia kulipa ada, utarejesha kwa kuuza mbuzi.

Kwa kijana wenu mimi ningetazama Singida. Kipo Chuo cha Ufundi Stadi na Marekebisho kwa Watu Wenye Ulemavu cha Sabasaba, kilicho chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambacho hufundisha kazi za mikono kwa vijana ambao darasa la kawaida limewashinda. Njia ya kuingia ni kupitia Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yenu. Nendeni na kijana mwenyewe, si kwa kumsemea, maana afisa atataka kujua anapenda kazi gani, na kijana aliyepelekwa kwenye ushonaji huku moyo wake uko kwenye uchomeleaji hurudi nyumbani kabla ya muhula kuisha. Mwulizeni afisa chuo kinapokea lini, kijana aje na nini, na kama nauli ya kwenda Singida itakuwa juu yenu, ili mjue mapema ni debe ngapi za alizeti zitabaki ghalani.