Skeli inasema 20, mbao inatoka 19

Kaka, kama skeli ya randa ya mashine (kipimo chake cha unene wa mbao) inasoma 20 na mbao inatoka milimita 19, usiiamini kwanza hiyo skeli. Mshale wake hulegea kwa mtikisiko. Randa kipande cha mninga, kipime unene kwa kalipa, kile kifaa cha kubana na kupima (futi kamba haifai hapa), kushoto na kulia, mbali na ncha maana mashine huzing'ata, yaani huzila zaidi, kisha sogeza mshale usome ulichopima. Pande zikitofautiana, kagua visu na meza. Na ukipitiliza kipimo wakati wa kupandisha meza, ishushe zaidi, halafu ipandishe taratibu. Skrubu ya meza huwa na mchezo, yaani kulegea kidogo, na kupandisha huuondoa. Nikitaka 20, mimi husimama 20.5, napima, ndipo namalizia.