Wasomaji Wauliza: Kamusi ya Krapf Yafaa Darasani?

SWALI: Mhariri, asalaam aleikum. Ninafundisha wageni Kiswahili hapa Lamu, na mwanafunzi wangu mmoja ameniletea kamusi ya Krapf akitaka tuitumie. Mtu huyu alikuwa nani, na je, kitabu chake chafaa kufundishia?
Mwalimu, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu. Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 karibu na Tübingen, Ujerumani, na baada ya miaka kadhaa Uhabeshi alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa mmisionari. Mwezi Juni alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohiddin. Mwezi uliofuata homa ikamwondolea mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga. Hata baada ya msiba huo kazi ya lugha hakuiacha. Kwa maoni yangu, Krapf hapaswi kutajwa bila kadhi huyo kutajwa pia, maana mgeni yule alikuwa mwanafunzi kabla ya kuwa mwandishi, na waliomfundisha walikuwa wenyeji waliokwisha kuwa na maandishi yao kwa hati ya Kiarabu. Mwenyewe alilijua hilo: mwaka 1854 miswada ya tenzi aliyoikusanya ilifika Ujerumani, ukiwamo Utenzi wa Herekali uliotungwa Pate mwaka 1728.

Sarufi yake ilichapishwa Tübingen mwaka 1850. Kamusi ilitoka London mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufariki Novemba 1881.

Ama kuhusu darasa lako, usimpe anayeanza. Tahajia yake si ya leo: lugha yenyewe ameiandika “Suahili”, na juu ya irabu ametia alama za mkazo ambazo zitamchanganya mgeni. Juu ya hayo, msingi wake ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, ilhali vitabu vya sasa vinafuata Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Lakini kwa mwanafunzi aliyekwisha kumudu mazungumzo, hasa anayetaka kusoma tenzi, kitabu hiki ni hazina, kwa sababu Krapf haridhiki na kutoa maana tu, bali mara nyingi hueleza kitu kinavyotumiwa na desturi inayohusika. Chagueni ukurasa mmoja, mwanafunzi ausome kwa sauti mbele ya mzee wa mtaani, kisha aandike maneno ambayo mzee angali anayatumia na yale ambayo Waamu huyasema vingine.