Maji Kwanza: Ushauri kwa Anayetaka Kujitolea Zimamoto Kijijini

Moto mkubwa wa kwanza niliokwenda kuuzima nikiwa mwanachama wa kikosi cha kujitolea ulitushinda kwa sababu ya wosha moja, yaani kipete laini cha kuzibia kiungio cha mpira wa maji. Lilikuwa likiungua ghala la nyasi kavu za mifugo. Bwawa lilikuwa umbali usiofika mita 100, injini ya pampu ilikuwa nzima, mafuta yalikuwamo, na tulikuwa watu tisa wenye nguvu. Tulitumbukiza mpira wa kufyonzea, tukawasha injini, kisha tukasubiri maji ambayo hayakuja. Wosha ya kwenye kiungio ilikuwa imechanika siku nyingi bila mtu kuikagua, hewa ikawa inapenya hapo, na pampu inayovuta hewa haiwezi kupandisha maji. Tulipogundua tatizo na kubadilisha wosha ile, paa lilikuwa limekwisha kuanguka. Hakuna aliyeumia, lakini mwenye ghala alikuwa jirani yetu, alikuwa amesimama pale pale akitutazama, na nilikosa la kumwambia.

Nimeendelea kujitolea kwa miaka mingi tangu siku hiyo, na wanaoniuliza waanzie wapi huwajibu kwamba waanze na maji. Wengi hutaka kuanza na gari na sare, na nawaelewa, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana. Hata hivyo, mzimamoto wa mjini mara nyingi ana bomba la maji barabarani, ilhali sisi wa vijijini karibu kila tone tunalomwaga tumelibeba au tumelifyonza wenyewe. Boza la lita 4,000, likitumiwa na nozeli moja (mdomo wa mpira unaorusha maji) inayotoa lita 400 kwa dakika, hukauka baada ya dakika 10. Ikiwa chanzo cha maji kiko mwendo wa dakika 15, boza hilo litakuwa njiani kwa nusu saa nzima, bila kuhesabu muda wa kulijaza, na muda wote huo moto utakuwa unarudi pale mlipouzima. Ndiyo maana vikosi vingi vya vijijini hutumia tangi la turubai linalokunjuliwa karibu na moto: boza linamwaga maji yake humo na kuondoka mara moja kwenda kujaza, huku pampu ikiendelea kufyonza kutoka kwenye tangi. Fanyeni hesabu hiyo mkiwa mmetulia, kwa kila upande wa eneo lenu, mjue mnahitaji maboza mangapi ili nozeli isikatike maji. Jibu likionyesha kwamba hamwezi, basi mkubaliane mapema kwamba maji machache mliyo nayo yatatumika kuipoza nyumba ya pili ambayo bado haijashika moto. Ni uamuzi mchungu kuutekeleza mbele ya mtu anayeangalia nyumba yake ikiteketea, na unakuwa mchungu zaidi ukiubuni papo hapo.

Kuhusu kufyonza, kuna jambo ambalo kila mwendesha pampu alielewe, si kulikariri tu. Pampu haivuti maji kama mtu anavyovuta kamba. Inaondoa hewa ndani ya mpira, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Kwenye usawa wa bahari nguvu hiyo haiwezi kupandisha maji zaidi ya mita 10 hivi hata kama pampu ingekuwa kamilifu, na kwa vitendo msitegemee zaidi ya mita 7. Kadiri mnavyoishi mahali pa juu zaidi milimani ndivyo kipimo hicho kinavyopungua. Kwa hiyo, kila bwawa na kila kivuko cha mto mnachokitegemea kiendeeni kwa miguu wakati wa kiangazi, si wakati wa mvua. Pimeni kina cha maji na kimo cha ukingo, angalieni kama gari litafika bila kuzama kwenye tope, na ulizeni ufunguo wa geti uko kwa nani. Chujio la mpira lisilale kwenye tope wala lisiwe karibu mno na uso wa maji, kwa kuwa likikaa juu maji huzunguka kama kimbunga kidogo na chujio huanza kuvuta hewa.

Boza lenyewe ni hatari inayodharauliwa. Lita 4,000 ni tani nne, na tani hizo hazitulii mahali pamoja. Tangi lililojaa nusu linasumbua kuliko lililojaa kabisa, kwa sababu maji hupata nafasi ya kukimbilia upande mmoja dereva anapokata kona, na gari linaweza kupinduka katika mwendo ambao gari dogo lingepita salama. Hakikisheni tangi lina kuta za ndani za kuvunja mawimbi, na dereva afanye mazoezi akiwa na maji ndani, polepole, katika barabara zile zile atakazozitumia usiku. Mimi simkabidhi usukani kijana kwa sababu tu ana leseni na ari. Kikosi kinachopinduka njiani kinakuwa ajali ya pili.

Sasa nije kwenye mafunzo. Jioni moja kila juma inatosha ikiwa haikosekani, na ni bora kurudia mambo machache kuliko kujaribu mengi kwa mara moja. Sisi hufunga macho, tunavaa glavu nzito, tunaunganisha mipira na kuitenganisha, tunaifuata kwa kupapasa hadi kila mtu ajue kwa vidole upande upi unaelekea nje. Zoezi hilo linachosha na wageni hulichoka haraka. Lakini ndani ya nyumba iliyojaa moshi hutauona mkono wako mwenyewe, na mpira huo ndio njia yako ya kurudi.

Mtu yeyote asiingie kwenye moshi bila mtungi wa hewa na bila kufundishwa kuutumia. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nayo humlegeza mtu kabla hajatambua kwamba ameanza kulegea. Mtungi wa kawaida wa lita 6.8 uliojazwa kwa shinikizo la bari 300 una takriban lita 2,000 za hewa, lakini dakika zinazopatikana humo hutegemea pafu la mtu. Katika zoezi moja nilivaa mtungi sawa na wa mwenzangu aliyenizidi umri kwa miaka mingi. King'ora kinachoonya kwamba imebaki hewa ya akiba tu kililia kwangu baada ya dakika 22, na yeye alifika dakika 35 akiwa anafanya kazi ile ile. Yeye alikuwa ametulia, mimi nilikuwa na papara. Pimaneni hivyo wote, mwandike majibu, na wanaoingia wapangwe wawili wawili huku wengine wawili wakisubiri nje wakiwa wamevaa tayari kwenda kuwaokoa. Kama hamna watu wanne waliofunzwa, zimeni kutokea nje.

Wafundisheni pia kuhusu mvuke. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hujaza nafasi ya takriban lita 1,700, na katika chumba chenye joto kali kisicho na pa kutokea, mvuke huo unamrudia aliyeshika nozeli na kumbabua ndani ya koti lake. Nozeli na dirisha vifunguliwe kwa amri ya mtu mmoja anayejua wenzake wako wapi.

Moto wa nyasi na vichaka huwavutia wengi kwa kuwa unaonekana mwepesi, na bomba la mgongoni humfanya mtu ajione yuko tayari. Moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyoshuka, na kanuni inayofundishwa sana ni kwamba kila mwinuko unapozidi kwa nyuzi 10, kasi ya moto huongezeka karibu maradufu. Msisimame juu ya mlima moto ukiwa chini yenu. Anzieni mahali ambapo moto hauwezi kuwazunguka, kama vile barabara, na msonge mkiwa na ardhi iliyokwisha ungua ubavuni mwenu, kwa kuwa humo ndimo pa kukimbilia. Mtu mmoja kati yenu asishiriki kuzima hata kidogo. Kazi yake iwe kuangalia upepo na kupiga kelele.

Baada ya moto kuna uzembe mwingine, nao ni wa kujivunia masizi. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la mambo yanayojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Suuzeni makoti pale pale kabla ya kuyavua, nawa uso na shingo, na usiyapeleke nyumbani wanakolala watoto. Pimeni pia shinikizo la damu, hasa mliovuka miaka 40, kwa kuwa moyo huua wazimamoto wengi ambao moto haukuwagusa.

Usiyeweza kupanda ngazi au kubeba mtungi, usidhani huna nafasi. Mwendesha pampu mtulivu, mtu wa redio anayesikia vizuri, na mwandishi anayejua nani ameingia saa ngapi, wote hao ni adimu kuliko wenye misuli. Ila jadiliana kwanza na familia yako, maana wao ndio watakaoamshwa usiku pamoja nawe, na mara nyingine utarudi ukitoka kumtoa mtu unayemfahamu. Siku kama hizo kaeni pamoja kabla ya kutawanyika.

Mgeni anapojiunga nasi, kwa miezi miwili ya kwanza kazi yake ya kila Jumamosi ni wosha. Anazitoa zote kwenye viungio, anazikunja aone kama zina nyufa, anazirudisha, kisha anahesabu za akiba ndani ya kopo lililofungwa kwa waya kwenye fremu ya pampu. Akimaliza, pampu inapelekwa bwawani na kufyonza maji ya kweli, na hatuondoki hadi yatoke kwenye nozeli.